Mwanafunzi wa Ndani, Mwalimu wa Nje

Hakama ni vazi la jadi la Kijapani, pana kama sketi ya marinda, la buluu iliyokoza au jeusi, ambalo watu wa aikido, sanaa ya Kijapani ya kujilinda, huvaa juu ya suruali nyeupe ya mazoezi. Ina marinda matano mbele na mawili nyuma, na kamba nne, mbili ndefu na mbili fupi. Mazoezi yakiisha haitundikwi msumarini. Hutandazwa juu ya tatami, mikeka minene ya mazoezi, rinda moja moja likanyooshwa kwa kiganja, pande zikakunjwa kuelekea katikati, vazi zima likakunjwa mara tatu, halafu kamba zikapitishwa moja juu ya nyingine mpaka zilale bapa kama nyota. Ukikosea kamba moja, unarudia zote.

Ya mwalimu hukunjwa na mwanafunzi. Katika dojo (ukumbi wa mazoezi) niliyolala kwa majuma sita, mji mdogo nje ya Tokyo, kazi hiyo ilinifikia siku ya tatu. Nikaifanya mbio, nikafurahi kumaliza kabla chai haijapoa. Jioni iliyofuata mwenzangu aliyenitangulia pale, mtu wa mwaka wa pili, akaniinamia sikioni: "Kunja polepole." Nikadhani ananisahihisha mikunjo. Sivyo. Alitaka nibaki pale nilipopiga magoti, hatua mbili kutoka alipokaa mwalimu, maana huo ndio wakati mwalimu huongea.

Darasani hakuwa mtu wa maneno. Alionyesha mbinu mara nne, kulia na kushoto, mbele na nyuma, akapiga makofi, nasi tukaanza. Lakini chai ikishamiminwa, alimgeukia mzee mmoja aliyefundishwa naye miaka mingi, akaweka kikombe kando, akamshika mkono. Alikuwa akimwonyesha ikkyo, mbinu ya kwanza kabisa ambayo kila mtu hufundishwa. Kiwiko hakikandamizwi chini. Kinarudishwa kwa mwenyewe, kuelekea sikioni, na hapo mwili wote hufuata. Alirudia mara mbili, taratibu. Kijapani changu kilikuwa cha kubahatisha, ila jambo lile halikuhitaji Kijapani. Miaka minne nzima nilikuwa naikandamiza ikkyo chini.

Nimeanza na hakama kwa sababu watu wanaonisikia nikizungumzia maisha yale huuliza swali moja: kufagia, kupika, kufua na kufuta sakafu kuna uhusiano gani na kujifunza sanaa ya kujilinda? Majibu mawili ndiyo yanayozunguka. La kwanza ni la wapenda hadithi: ati kazi za nyumbani ni mazoezi yaliyojificha, ukisugua sakafu mwaka mzima siku moja mkono wako utazuia ngumi wenyewe. La pili ni la wenye mashaka: huo ni utumishi wa bure uliovishwa joho la mila. Nimeyafikiria yote mawili kwa muda mrefu na naona yote mawili yanakosa shabaha. Kazi za ndani hazifundishi mbinu. Zinakuweka mahali ambapo mbinu inasikika. Na hilo hutokea kwa sharti moja ambalo halitajwi sana: mwalimu naye awe anaishi pale, au awepo kiasi kwamba ni kama anaishi.

Neno lenyewe ni uchideshi. Uchi ya Kijapani haina undugu na uchi yetu. Maana yake ni ndani, nyumbani, kwetu. Deshi ni mfuasi wa bwana fulani. Kwa hiyo uchideshi ni mwanafunzi wa ndani, tofauti na yule anayekuja jioni akalipa ada yake na kurudi kwake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana neno hili. Tuna mwanagenzi anayelala karakanani kwa fundi wake. Tuna mwali anayewekwa ndani akafundwa na somo wake, na hakuna anayedhani kwamba kilichomfunda ni kuta za chumba. Kilichomfunda ni somo kuwemo chumbani. Nikitafsiri uchideshi kwa neno moja ningesema mwali, kama neno hilo lisingekuwa limefungamana na unyago.

Aikido ilianzishwa na Morihei Ueshiba, aliyezaliwa Tanabe, mkoa wa Wakayama, mwaka 1883, akafariki 1969. Ni sanaa ya kumpokea anayeshambulia, kuungana na mwendo wake, na kumwangusha au kumbana bila kushindana nguvu kwa nguvu. Shirika kuu la sanaa hii, Aikikai, halina mashindano. Hakuna medali, hakuna bingwa. Jambo hili lina uzito katika hoja yangu. Katika mchezo wenye mashindano, ulingo ndio unaokuambia kama umejifunza. Judo ina hukumu yake hadharani. Katika aikido hakuna wa kukuambia ila mwalimu na mwili wa mwenzako. Ukimwondoa mwalimu, kipimo kimeondoka.

Ueshiba mwenyewe alipataje alichokuwa nacho? Mwaka 1912 aliongoza kundi la walowezi kwenda Shirataki, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kwenye baridi kali. Mwaka 1915 akakutana huko na Takeda Sokaku, bwana wa Daito-ryu, mtindo wa kale wa mieleka ya kivita ambamo mbinu nyingi za aikido zilitoka. Ueshiba alimwalika Takeda Shirataki, akamhudumia, na alipoondoka mwaka 1919 kwa sababu baba yake alikuwa mahututi, akamwachia mali aliyokuwa nayo pale. Katika mwanzo wa aikido, basi, mwalimu ndiye aliyelala kwa mwanafunzi. Paa lilikuwa la mwanafunzi, mtumishi alikuwa mwanafunzi, lakini walikuwa chini ya paa moja, na hilo ndilo lililofanya kazi.

Aprili 1931 Ueshiba akafungua dojo yake kubwa jijini Tokyo, mtaa wa Wakamatsu-cho, ukumbi wa tatami 80 ulioitwa Kobukan. Watu wakauita dojo ya jehanamu kwa ukali wa mazoezi. Hukukubaliwa kuingia bila wadhamini. Gozo Shioda aliingia mwaka 1932, akiwa bado kijana mdogo, na baada ya vita akaanzisha tawi lake, Yoshinkan. Wengi wanaosimulia Kobukan husimulia jasho na mifupa. Mimi kinachonivuta ni mengine: wanafunzi wale walimsindikiza Ueshiba safarini, walimkanda mabega, walimbebea mizigo. Wanafunzi wa vizazi tofauti wamesimulia tukio lilelile kuhusu vituo vya treni: Ueshiba, mtu mfupi wa kimo, akiingia kwenye umati, anapita kama vile watu hawapo, bila kumgusa mtu wala kupunguza mwendo. Nyuma yake kijana mwenye nguvu, mizigo mikono yote miwili, tiketi bado hazijanunuliwa, anagongana na kila bega.

Tazama kijana yule amepata nini. Irimi, yaani kuingia, ndiyo roho ya aikido: namna ya kupita mahali ambapo mwili wa mwenzako haupo. Darasani ingefundishwa kwa mashambulizi ya kupangwa. Kituoni aliiona kwa umati usiojua kwamba unafundishwa. Mizigo haikumfundisha kitu, ilimchosha tu. Lakini bila mizigo asingekuwa pale.

Wale waliomhudumia miaka ya 1950 na 1960 wamesimulia pia habari za usiku. Mzee akiamka kwenda msalani, kijana aliyelala chumba cha pili alitakiwa awe ameshaamka, mlango umefunguliwa, taulo iko mkononi. Hakukuwa na kengele. Kwanza unashindwa, unaamka mzee ameshapita. Halafu siku moja unajikuta umekaa kitako gizani na hujui nini kilikuamsha, na sekunde chache baadaye unasikia godoro likisogea. Ukisikia hivyo unaweza kusema ni unyanyasaji wa kijana, na mimi sitakukatalia moja kwa moja. Ila sijaona zoezi jingine la ukumbini linalomfundisha mtu kuhisi nia ya mwingine kabla haijawa tendo, na hicho ndicho aikido inachodai kuwa.

Ushahidi ulionishawishi zaidi, hata hivyo, unatoka kwa mtu ambaye kwa kipimo kikali hakuwa uchideshi.

Mwaka 1942 Ueshiba alihama Tokyo akaenda Iwama, kijiji cha mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki ya jiji. Huko akalima, akajenga hekalu dogo la Aiki, akafanya mazoezi kwa upanga wa mti na fimbo. Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Iwama jembe lenyewe lilikuwa mkononi. Mwanafunzi aliyefika baada ya vita alikuta Japani iliyoshindwa, chakula hakuna, na mwalimu wake yuko shambani. Mwaka 1946 akaja kijana wa pale pale, Morihiro Saito, umri wa miaka kumi na minane. Saito alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli la taifa. Zamu yake ilikuwa saa ishirini na nne kazini, saa ishirini na nne nyumbani. Wengine walipotawanyika kutafuta riziki, zamu ile ilimpa asubuhi nzima za kuwa peke yake na Ueshiba.

Miaka 23 ilipita hivyo, hadi Ueshiba alipofariki. Saito alioa, akajenga jirani na dojo, na mkewe akawahudumia wazee wale wawili, Ueshiba na mkewe Hatsu, hadi mwisho wao. Nalitaja hili la mkewe kwa makusudi, maana husahaulika: sehemu kubwa ya kile kinachoitwa urithi wa Iwama ilisimama juu ya kazi ya mwanamke ambaye jina lake haliko kwenye ukuta wa dojo. Na matokeo? Mafunzo ya upanga na fimbo ambayo Ueshiba hakuyafundisha kwa mpangilio Tokyo yalibaki kwa Saito, naye ndiye aliyeyapanga yakafundishika kwa hesabu na majina. Mtu wa reli, mwenye mshahara na mke na nyumba yake, alipata walichokikosa wengi waliolala ndani ya dojo ya mjini. Hakulala chini ya paa la mwalimu. Aliishi pale mwalimu alipoishi.

Tokyo nako mambo yalibadilika. Baada ya vita ukumbi wa Wakamatsu-cho ulihifadhi familia zilizounguliwa na nyumba kwa mabomu, na mwana wa mwanzilishi, Kisshomaru, alifanya kazi ya ofisini mchana ili dojo isife. Miaka ya 1950 vijana wakaanza tena kuishi ndani. Kutoka kizazi hicho ndiyo dunia ilipata walimu wake: Nobuyoshi Tamura alikwenda Ufaransa mwaka 1964, Yoshimitsu Yamada akaenda New York mwaka huohuo, Kazuo Chiba akaenda Uingereza mwaka 1966. Walikuwa bado vijana, wawili kati yao wa miaka ishirini na kitu tu. Wakaibeba sanaa nzima mabegani mpaka nchi ambazo haikujulikana sana. Hawakuwa na vitabu vya mtaala wala video. Walikuwa wamebeba walichokiona kwa miaka michache ya kuwa karibu.

Kisha likaja jengo la saruji, mwishoni mwa miaka ya 1960, na pamoja nalo ratiba. Leo Makao Makuu ya Aikikai yana madarasa kutwa nzima. La kwanza ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hilo huongozwa na Doshu, mkuu wa njia, ambaye tangu 1999 ni Moriteru Ueshiba, mjukuu wa mwanzilishi. Unaweza kuhudhuria kila siku chini ya walimu tofauti, wote mahodari, na jioni kurudi chumba cha kupanga. Silidharau jambo hilo hata kidogo. Aikido isingefika kwa watu wengi namna hii bila ratiba. Lakini ratiba huzaa mwalimu anayekuja na kuondoka, na mwalimu anayekuja na kuondoka hukuachia darasa tu.

Ndipo naingia kwenye jambo linalonisumbua. Uchideshi wa leo, kwa mgeni, mara nyingi ni kitu cha kununua. Dojo nyingi Japani, na siku hizi Ulaya na Marekani pia, hupokea mtu kwa wiki, mwezi, miezi mitatu. Unalipa malazi na mafunzo, unapewa godoro jembamba la futoni na kabati, unapangiwa zamu za usafi. Iwama yenyewe ndiyo iliyofungua mlango huu. Tangu miaka ya 1970 Saito alipokea wageni kutoka kila bara, wakalala ndani ya dojo ya mwanzilishi, wakafagia majani ya miti mikubwa ya hekalu alfajiri, wakafanya mazoezi ya silaha nje kwenye baridi na ya mikono jioni. Lakini Iwama ya Saito ilikuwa na Saito. Alikuwa ukumbini asubuhi, alikuwa bustanini mchana, alikuwa mezani usiku. Wageni walilipa, ndiyo, ila walilipa ili wakae kwake.

Nilikolala mimi hakukuwa hivyo. Mwalimu alikuwa bwana wa kweli, na nilichokisikia nikikunja hakama yake bado nakifanyia kazi. Alikuja mara tatu kwa wiki, kwa gari, kutoka upande wa pili wa mji. Siku nne zilizobaki tuliishi bila yeye. Tuliamka saa kumi na moja na nusu. Vitambaa viliwekwa kwenye ndoo ya maji baridi, vikakamuliwa, tukainama mikono chini na makalio juu, tukasukuma kitambaa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mbio mbio kwenye sakafu ya mbao iliyozunguka tatami. Tukafagia njia. Tukang'oa magugu ambayo juzi yake yalikuwa yameng'olewa. Mwenzetu mmoja aliyetutangulia kwa mwaka alisimama akihesabu makosa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na kitu kingine cha kutupa, maana naye alikuwa anasubiri mwalimu kama sisi.

Siku hizo nne ufagio ulikuwa ufagio. Naandika hivyo bila hasira. Hakuna aliyekuja kunywa chai, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kukunja polepole. Nikaanza kuona kitu ambacho kabla ya hapo sikukifikiria: ukubwa wa ukali ulipanda kadiri mwalimu alivyokuwa mbali. Siku za mwalimu hatukufokewa. Siku za kutokuwepo kwake, kila kikombe kilichowekwa upande usio sahihi kiligeuka kesi. Nidhamu ilikuwa inajaza nafasi yake. Nafikiri hili hutokea mahali pengi palipo na bwana asiyeonekana, si Japani peke yake.

Hapa mtu anayefuatilia michezo ya Japani atanipinga, na ana haki. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alifariki baada ya kupigwa katika heya ya sumo iitwayo Tokitsukaze. Heya ni nyumba ambamo wapiganaji wa sumo wanaishi pamoja na bwana wao. Hakuna mfumo wa kuishi ndani ulio kamili kuliko huo. Bwana wa heya ile hakuwa mbali. Alihusika, akashtakiwa, akahukumiwa kifungo. Mwaka 2013 wanawake kumi na watano wa timu ya taifa ya judo walijitokeza kulalamikia kupigwa na kutukanwa na kocha aliyekuwa nao mazoezini, akajiuzulu. Basi ukaribu wa mwalimu, ninaoutukuza hapa, ndio huohuo uliogeuka hatari.

Nakubali. Sijasema ukaribu unatosha. Nasema bila huo hakuna uchideshi, kuna malazi tu. Kinachotofautisha nyumba inayofunda na nyumba inayovunja, nionavyo mimi, ni mlango. Kijana wa sumo alikuwa amejaribu kutoroka kabla ya kufa kwake. Shioda angeweza kuondoka. Saito alikuwa na mshahara wa reli mfukoni na nyumba yake hatua chache kutoka pale. Mtu mwenye pa kwenda hukaa kwa hiari, na mwalimu anajua hivyo, na kujua huko humzuia. Na hapa lazima nikiri jambo linalopunguza makali ya lawama yangu kwa malazi ya kulipia: mgeni wa miezi mitatu, kwa ufupi wa safari yake, ana mlango ulio wazi kabisa. Pasipoti iko begini, tarehe ya ndege inajulikana. Kile kinachomnyima kina ndicho kinachomlinda. Sijui kama dojo inaweza kumpa mtu vyote viwili kwa ukamilifu. Naamini zile zinazokaribia ni ndogo, za mwalimu anayelala ghorofa ya juu au nyumba ya jirani, zenye wanafunzi wawili watatu, ambazo hazitangazi sana kwa sababu hazina nafasi ya kutangaza.

Kuna namna nyingine ambayo naiheshimu kwa uwazi wake. Yoshinkan ina kozi ya senshusei ya miezi 11, iliyoanza kwa ajili ya polisi wa kutuliza ghasia wa Tokyo, na tangu miaka ya 1990 wageni wamekuwa wakiifuata. Siku tano kwa wiki, saa nyingi kwa siku, magoti yakichubuka kwa kutembea kwa magoti kwenye tatami. Ni kali. Lakini haijiiti familia. Ina mwanzo, ina mwisho, ina mtihani, na jioni unarudi kwako. Anayetaka misingi imara kwa muda mfupi, ningemshauri hivyo kabla ya kumshauri uchideshi wa nusu nusu. Kozi inakuahidi saa na inakupa saa. Uchideshi unakuahidi mtu.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki hesabu inakuwa ngumu zaidi. Mzungu wa nchi nyingi za Ulaya anashuka uwanja wa ndege wa Narita na kugongewa muhuri wa siku 90. Mtanzania na Mkenya wanaomba viza kwanza, na ubalozi unataka barua kutoka Japani, uthibitisho wa fedha, ratiba ya safari. Iko viza ya shughuli za kitamaduni kwa ajili ya mtu anayejifunza sanaa ya Kijapani chini ya mtaalamu, nayo hairuhusu kufanya kazi ya kulipwa, kwa hiyo gharama zote unakuwa nazo mkononi kabla hujapanda ndege. Maana yake ni kwamba mwenzetu hawezi kwenda kujaribu, akaona mahali hapafai, akahamia dojo nyingine mtaa wa pili kama wafanyavyo wengine. Dojo iliyomwandikia barua ndiyo hiyo. Mlango wake ni mwembamba kuliko wa wenzake, na kosa la kuchagua linamgharimu akiba ya miaka.

Kwa hiyo kuchagua kufanyike hapa, kabla ya tiketi. Na vitu ambavyo watu huangalia, nami niliviangalia, ni vya juu juu: mwalimu ana dani (daraja la mkanda mweusi) ya ngapi, dojo ina tatami ngapi, madarasa ni mangapi kwa wiki, picha za hekalu na theluji. Dani ya mwalimu hainywi chai nawe. Madarasa kumi na mawili kwa wiki yanayofundishwa na mwanafunzi mwandamizi ni madarasa kumi na mawili ya mwanafunzi mwandamizi. Waulize waliowahi kulala pale, hasa walioondoka kabla ya muda wao, waliondoka kwa nini na waliagwaje. Uliza ukiumia nani anakupeleka hospitali. Uliza chakula cha jioni kinaliwa na nani.

Juma la mwisho la kukaa kwangu kulikuwa na mvua, na mwalimu alikuja siku isiyokuwa yake kuangalia paa lililokuwa linavuja. Hakuvaa nguo za mazoezi. Akatukuta tunahamisha tatami zisilowe, akavua soksi, akashika upande wa pili wa tatami niliyoibeba mimi. Tatami ya zamani ni nzito, majani ya mpunga yaliyoshindiliwa, na koridoni kulikuwa na kona. Nikavuta. Yeye hakuvuta, alishusha nyonga kidogo na kugeuka, tatami ikazunguka kona yenyewe nami nikaifuata kama mkia. Tukahamisha kumi na nane. Kufikia ya kumi hivi nilikuwa nageuka naye bila kufikiri. Hakusema lolote juu ya aikido, wala sikuwa na shaka kwamba ile ilikuwa tenkan, kule kugeuka ambako nilikuwa nimekufanya mara elfu ukumbini bila kumfuata mtu yeyote. Halafu akapanda gari lake akaondoka.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tanga aliniletea barua aliyoiandika kwa Kiingereza kwenda kwa dojo moja ya Ibaraki. Ilikuwa nzuri na yenye adabu. Ameuliza ada, nguo za kuja nazo, kama anaweza kufunga Ramadhani akiwa pale na kupika chakula chake bila nyama ya nguruwe. Barua yangu mimi, miaka ile, ilifanana nayo karibu neno kwa neno. Nikamwomba aongeze mstari mmoja kabla ya saini, naye akanitazama kama mtu aliyeombwa kumvunjia mzee heshima. Tuliugeuza mara nyingi mpaka ukasomeka kwa staha. Unauliza mwalimu analala wapi.